Kilo chache za mahindi, na habari za kumpelekea mama

Tangu nirudi nyumbani Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, kumtunza mama, sijakosa washauri. Nikiwa bado kazini, tuliletewa mtaalamu aliyetugawia madaftari, akasema kila usiku tuandike mambo matatu ya kushukuru. Niliandika kwa bidii. Leo uhai, afya, familia. Kesho afya, familia, uhai. Daftari lilipofika katikati mkono ulikuwa unaandika wenyewe, na moyo uko palepale. Kisha akaja mpwa wangu: "Shangazi, ya nini kujichosha? Agiza kwa simu, boda akuletee mpaka mlangoni." Ananipenda, najua, lakini mashauri yote mawili yalinifungia ndani ya nyumba, na mimi nilichohitaji ni kutoka.

Aliyenifungua macho ni mama. Magoti yake hayamfikishi tena sokoni. Nikirudi na sukuma wiki, haulizi bei. Anauliza, "Umekutana na nani?" Ukimjibu "watu tu", hakuachi. Watu gani? Ule mparachichi wa kwenye kona umeshatoa maua? Mama mboga, yule kifungua mimba wake amepata karo? Nikaelewa kwamba mboga ni nusu tu ya kile anachonituma. Basi nikaanza kutazama njiani ili nisirudi mikono mitupu, na hapo ndipo shukrani ilipoanza kuja bila kuandikiwa daftari. Mtu ukijua utaulizwa, unaona. Unaona mzee anayekata majani ya nepia ya ng'ombe kando ya barabara amepona mguu. Unaona fundi wa viatu amepata mwanafunzi.

Wengi wakisikia Nairobi wanawaza maghorofa. Huku upande wa Dagoretti, ndani ya kaunti hiyohiyo, bado tuna ng'ombe, vijishamba vya mahindi na vichochoro vya udongo mwekundu ambavyo mvua ya Aprili inavigeuza utelezi mtupu. Hata hivyo, sinunui vitu vya wiki nzima hata nikiwa na pesa. Nikichukua nyanya, naacha chumvi makusudi, ili kesho niwe na sababu ya kutoka. Nabeba kiondo cha mama cha mkonge. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, hakuna anayekushangaa nacho, na watu wazima wakikiona wanasimama kumuulizia mwenyewe.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni ya kinu. Nasaga mahindi kidogo kidogo, na si kwa uhaba. Unga wa mahindi mazima unabaki na kiini cha mbegu, na kiini kina mafuta. Ukikaa sana unachacha, ugali unakuwa na uchungu. Ule wa pakiti uliokobolewa unadumu kwa sababu kiini kimetolewa. Gharama ya kusaga haiumizi, ni pesa ya chai na andazi. Foleni ndiyo ndefu, na mimi naipenda hiyo foleni.

Humo ndimo mzee mmoja alipochota mahindi yangu kiganjani, akayanusa, akaniuliza, "Binti, haya umeyapima kwa chumvi?" Nikamwambia, "Nifundishe, baba." Akaniambia nitafute chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Weka mahindi mpaka kama robo ya chupa, ongeza chumvi kavu vijiko kadhaa, funga, tikisa sana, kisha iache itulie kwa muda. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Ikiporomoka yote chini, yamekauka, unaweza kuyahifadhi.

Sikusaga siku hiyo. Nilirudi nayo yote nyumbani, na mama ndiye aliyetikisa chupa, amekaa kwenye kiti chake mlangoni, kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu. Tukaiinua juani. Chumvi ilikuwa imetanda kiooni kama ukungu wa Julai. Tukatandika turubai uani, mahindi yakarudi juani, mama akawa mlinzi wa kuyafukuzia kuku. Kila jioni alidai chupa yake. Chumvi ilipokuja kuteremka yote ikaacha kioo kikiwa safi, alipiga makofi na kuniambia, "Sasa nenda kasage."

Si mchezo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu, sumu inayoletwa na kuvu kwenye nafaka, mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Tena chumvi inapima maji tu, haioni sumu iliyokwisha kuingia. Punje zenye kuvu usizile, usimpe kuku wala ng'ombe.

Unga ukitoka kinuni una joto. Naingiza mkono ndani ya mfuko mpaka kiwiko karibu kuzama, harufu yake inanifikia kichwani, nasema asante kwa sauti, na mwenye kinu ameshazoea. Usiufunge mfuko ukiwa bado moto, utatoa jasho ndani na kuharibika. Mimi nauacha wazi njia nzima, natembea polepole.

Siku mama akiwa na mtu wa kukaa naye, napanda matatu mpaka mji wa Kikuyu, nashuka kwa miguu hadi kinamasi cha Ondiri. Nauli haifiki bei ya kuku choma wa mjini. Pale majani na mizizi imefumana juu ya maji, ukikanyaga ardhi inacheza chini yako, inapanda na kushuka. Maji ya pale ndiyo chanzo cha Mto Nairobi, uleule unaopita soko la Gikomba mjini ukiwa umeshachafuliwa vibaya. Kuuona mahali ulipo safi kumenifanya niuonee uchungu hata huko chini, na ni jambo ninalomshukuru Mungu kwalo. Ukienda, vaa gambuti, nenda kiangazi, na usiingie katikati bila mwenyeji. Si mahali pa kujaribu ushujaa.

Mama alikwenda huko mara ya mwisho akiwa msichana. Nimeshaongea na jirani mwenye gari la Probox atupeleke mpaka karibu na ukingo, tumekubaliana mafuta na chakula cha mchana. Kiti chake cha mlangoni kinaingia buti vizuri, nimeshakijaribu.