Jezi ya Rigobert Song
Leo nikipanga nguo za marehemu baba mdogo nimekutana na jezi ya kijani ya Kameruni, namba 4 mgongoni imebanduka nusu. Alimpenda mno Rigobert Song, beki aliyezunguka klabu kwelikweli: Metz, Salernitana, Liverpool, West Ham, Köln, Lens, Galatasaray, hadi Trabzonspor! Kombe la Dunia 1994, akiwa na miaka 17 tu, alilimwa kadi nyekundu dhidi ya Brazil. 1998 tena, dhidi ya Chile. Wengine wangepotelea hapo. Lakini fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 2000 kule Lagos, penalti ya ushindi aliiweka yeye. Baba mdogo alinirusha juu nikagusa dari. Jezi nimeifua kwa mkono, iko kambani inakauka.