Na Wafungwa Wengine Walikuwa Wakiwasikiliza

Wapendwa katika Kristo,

Somo letu la wiki hii ni Matendo ya Mitume 16:16–34, nami ningependa tusimame kwenye nusu ya aya moja tu, ile ambayo wengi wetu huipita mbio tukiliwahi tetemeko la nchi na milango ya gereza iliyofunguka. Paulo na Sila wamechapwa bakora mbele ya watu, wametupwa katika chumba cha ndani cha gereza la Filipi, miguu yao imefungwa kwa mkatale, na usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu. Kisha Luka anaongeza jambo ambalo hakulazimika kuliandika: "na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza." Katika Kigiriki alichoandikia, kitenzi hicho hakionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya, na maana yake si kusikia tu kama tusikiavyo kelele za njiani, bali ni kutega sikio na kuifuata sauti kwa makini. Tetemeko lilikuja baadaye. Kabla ardhi haijatikisika, palikuwa na watu gizani waliotega sikio.

Nimekaa na nusu aya hiyo tangu mwezi wa Agosti, kwa sababu ya wimbo mmoja.

Ni wimbo wa kwaya ya mtaa wetu wa zamani, huko vijijini upande wa Masasi, uliotungwa na mwalimu wa kwaya ambaye sasa amelala katika Bwana. Haukuwahi kuingia studio. Ulinaswa kwenye kaseti ndani ya kanisa, redio ikiwa juu ya benchi la mbele, ndiyo maana ukiusikiliza utamsikia mtoto akikohoa, na karibu na mwisho utasikia mvua ikigonga mabati, kwanza tone mojamoja, halafu yote kwa pamoja, hata ubeti wa mwisho unakaribia kuzama. Marehemu baba yumo katika besi. Kaka yangu, aliyekuwa kijana wakati huo, yumo katika teno. Mama hayumo, kwa kuwa hakuwa mwanakwaya, lakini yeye ndiye aliyeufanya wimbo huo uwe wa nyumba yetu.

Aliuimba kila msimu wa korosho. Wanaotoka kwingine huenda hawajui kazi ile ilivyo: korosho hukaangwa kwanza juu ya bati lililotobolewa, zikatoa mafuta yake makali yanayoshika moto na kufuka moshi mweusi, kisha hutiwa mchanga au majivu ili mafuta hayo yasiunguze mikono, ndipo mbanguaji huketi na kuzigonga mojamoja, pigo lisizidi likaiponda kokwa wala lisipungue likaliacha ganda zima. Mama aligonga kwa mwendo wa wimbo. Alipofika kwenye kiitikio, kokwa zilitoka nzima nzima na kuangukia ungoni, nasi watoto tulijua kwamba zile zilizovunjika zilikuwa zetu. Hata leo nikiusikia wimbo ule, pua yangu huutafuta moshi kabla sikio halijayapata maneno.

Baadaye kijana mmoja wa dukani aliuhamishia kwenye kadi ya simu, nami nimeusikiliza nikifua, nikipanga vitabu, nikiwa ndani ya basi la kwenda Mtwara mjini, mara nyingi kiasi ambacho siwezi kuhesabu. Nilidhani naujua. Wazee wetu wa huku kusini hawangekubali dai hilo upesi, kwa maana katika jando na unyago mafunzo hutolewa kwa nyimbo, na mwali anaweza kuukariri wimbo wote bila kuukosea hata neno, akaambiwa kwamba bado hajausikia.

Usiku mmoja wa Agosti umeme ulikatika. Upepo wa kusi ulikuwa ukipita kwenye mikorosho, nami nikaketi barazani, nikaiweka simu ndani ya bakuli tupu ili sauti ipate kukua, nikafumba macho, nikaazimia kuifuata sauti ya baba peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho, nikiziacha nyingine zote zipite. Si jambo jepesi kama linavyosikika. Sauti ya kwanza hulivuta sikio kama mtoto anavyolivuta vazi la mama yake, na besi iko chini kabisa, haina papara, mtu huipoteza bila kujua ameipotezea wapi. Mara mbili niliipoteza. Mara ya tatu niliweza kuishika, na pale ambapo soprano na alto wanapanda wakiimba kwamba tutafika, nikagundua kwamba besi hawaimbi neno hilo. Wao wanasema "bado". Mara nne, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka: bado, bado, bado, bado. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeichukua sehemu ile kuwa mvumo tu, sauti ya kujaza nafasi chini ya sauti nzuri za akina mama.

Mwili ulisisimka, malaika yakanisimama mikononi. Kiswahili huziita nywele hizo laini za mwilini kwa neno lilelile tunalowaitia wajumbe wa Mungu, na tangu usiku ule nimelitazama neno hilo kwa heshima mpya. Kisha nikalia.

Hapa yafaa tujiulize kwa unyofu: je, kulia kwa sababu ya wimbo ni kusali? Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini aliyebatizwa Milano mwaka 387, aliungama kwamba nyimbo za kanisa lile zilimtoa machozi, na kwamba ukweli uliingia moyoni mwake pamoja na sauti hizo. Lakini yeye huyohuyo aliungama pia kwamba kila alipoguswa na uimbaji kuliko kile kinachoimbwa, alijiona ametenda dhambi, na saa hiyo angependa heri asingemsikia mwimbaji. Ninamheshimu kwa kuyasema yote mawili. Kwa upande wangu sioni kwamba machozi yale yalikuwa sala. Nilimlilia baba, nililia kwa harufu ya moshi, nilijililia mwenyewe. Hata hivyo, moyo uliokuwa umefungwa kwa muda mrefu ulikuwa umeachia, na Mungu hapungukiwi na heshima kwa kuingia kupitia mlango ambao hatukuufungua kwa ajili yake.

Maandiko yenyewe hayatudanganyi kuhusu nguvu ya muziki. Katika 1 Samweli 16 Daudi anapiga kinubi na Sauli anapata nafuu, ile roho mbaya inamwacha. Sehemu hiyo tunaihubiri sana. Tunaihubiri kwa nadra sura ya 18, ambapo Daudi anapiga kinubi kama alivyofanya siku zote, mpigaji ni yuleyule na msikilizaji ni yuleyule, lakini safari hii mwandishi wa kitabu kile anatuonyesha kitu kimoja zaidi: mkononi mwa Sauli mna mkuki. Sauli anautupa, akikusudia kumpigilia Daudi ukutani. Muziki haukubadilika. Aliyekuwa akisikiliza alikuwa tayari ameshika kitu.

Nami nilikuwa nimeshika changu. Tangu arobaini ya baba, kaka yangu na mimi hatukuwa tukizungumza isipokuwa misibani, kwa ajili ya shamba la mikorosho na mpaka wake, na maneno yaliyosemwa siku ile mbele ya wajomba. Usiku ule wa Agosti nilijiona mtu wa kusikiliza kweli, lakini kesho yake nilipokuwa nikitembea kwenda Misa ya asubuhi nilitambua kwamba ili kuifuata besi nilikuwa nimeifungia teno masikio kwa makusudi, na kwamba sikuanza kufanya hivyo jana yake. Nilikuwa nimekwisha kujizoeza. Kwa miaka miwili niliupenda wimbo ule huku nikimwondoa humo mtu mmoja.

Jioni ile nikaifuata teno. Wana sehemu fupi, karibu imezwe na akina mama, na ni swali: "Tumefika?" Wanaliuliza mara nne, na kila wakiuliza, besi wanajibu.

Kumbe "bado" ya baba haikuwa neno la kukatisha tamaa, kama nilivyolipokea usiku wa kwanza, wala halikuwa limesimama peke yake. Lilikuwa jibu. Ni jibu ambalo mzazi humpa mtoto anayemfuata nyuma kwenye njia ya shamba, jua limeshapanda na chupa ya maji inakaribia kuisha, naye anajibu bila kugeuka na bila kukasirika, kila anapoulizwa, kwa sauti ileile. Kaka alikuwa akiuliza na baba alikuwa akimjibu, na mazungumzo yao yalikuwa mfukoni mwangu muda wote huo.

Nikirudi Filipi, ninawafikiria wale wafungwa wasiotajwa majina, kila mmoja na kosa lake au uonevu wake. Sisi wa Masasi tuna sababu ya kuwakumbuka, kwa kuwa Kanisa letu hapa lilianza mwaka 1876 kwa watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, waliofika kutoka Zanzibar pamoja na Askofu Edward Steere, watu walioijua minyororo katika miili yao. Luka anasema kwamba milango yote ilifunguka na vifungo vya wote vikalegea, na mlinzi wa gereza alipotaka kujiua, Paulo alimpazia sauti asijidhuru kwa kuwa wote wapo. Wote, si Paulo na Sila peke yao. Kwa nini wengine hawakukimbia? Luka haelezi, nami sitajifanya kueleza kwa niaba yake, ila siwezi kuacha kuona kwamba waliobaki ndio waliokuwa wakisikiliza.

Ninawaomba basi, wiki hii, mchague wimbo mmoja mnaoupenda sana, ule mnaodhani mnaujua, mkae nao bila kazi nyingine mkononi, mfuate sauti moja baada ya nyingine, hasa ile ambayo hamjawahi kuipa nafasi. Msiharakishe kuligeuza jambo hilo kuwa ombi. Sikilizeni kwanza.

Mimi nilipanda basi Jumamosi kwenda Mikindani, anakoishi kaka. Nilimkuta kibarazani akitengeneza kiti. Nikamwambia, "Shikamoo, kaka," naye akakawia kidogo kabla ya kuitikia marahaba. Sikuwa na maneno niliyoyaandaa. Niliomba bakuli, shemeji akaniletea, nikaiweka simu ndani na kuuanzisha wimbo. Alimtambua mtoto aliyekohoa akamtaja jina. Ilipofika sehemu ya teno, midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, na macho yake yalikuwa kwenye bakuli. Mvua ikaanza kwenye mabati, ubeti wa mwisho ukazama, simu ikanyamaza. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Mdogo wangu," akasema, "rudisha mwanzo."