Mkono wa kazi ya zamani

Muulize dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam mwenye miaka 40 amefanya kazi gani maishani, halafu vuta benchi ukae. Alianza saidia fundi, akakaanga chipsi, akapiga deiwaka (kibarua cha siku) kwenye pikipiki ya mtu, akapata ya mkataba, ile unayoilipia kila siku mpaka iwe yako, na sasa anaulizia bei ya cherehani. Majirani wanasema hatulii. Mimi namheshimu sana mtu huyu, na ninamwandikia yeye, kwa sababu ugumu wake haufanani na wa mtu anayeanza bila kujua lolote. Yeye anaanza na mikono inayojua kazi nyingine, na makosa yake ya mwanzo hutoka humo.

Chukua karai. Kwenye ujenzi karai hujazwa, na anayelijaza nusu huitwa mvivu. Saidia fundi akihamia kwenye chipsi, analijaza vilevile. Viazi vikizidi, mafuta yanapoa ghafla, na badala ya kukaangika vinalowa na kunywa mafuta. Mteja anapewa chipsi laini zinazotoboa karatasi. Tia viazi kidogo kiasi kwamba vinaelea na kugeuka vyenyewe, na usubiri mafuta yarudishe moto kabla ya mkupuo unaofuata. Kata unene wa sentimita moja hivi, loweka nusu saa kutoa wanga, kausha kwa kitambaa. Kaanga kwanza kwa moto wa wastani dakika tano au sita mpaka viive bila kubadilika rangi, uviopoe, kisha uvirudishe kwenye moto mkali mteja anapofika. Viazi vilivyolala kwenye friji usivitumie: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na vitakuwa vyeusi nje kabla ya kuiva ndani.

Lakini saidia fundi huyo ana kitu ambacho wakaanga chipsi wengi hawana: amezoea vipimo. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, maji kama lita 25, tena yapungue mchanga ukiwa umelowa. Anajua kwamba maji yakizidi zege linamwagika kirahisi ila likikauka linabaki na matundu, halina nguvu. Mtu wa namna hii akianza kuandika mafuta lita ngapi yametoa sahani ngapi, ndani ya wiki anajua faida yake iko wapi.

Kutoka chipsi kwenda pikipiki, kosa linakaa kwenye mafuta tena. Mkaanga chipsi hupima mafuta kwa macho: yakiwa meusi na kutoa povu, yamwage. Oili ya injini haiko hivyo. Inaweza kuwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Hesabu kilomita. Kwa pikipiki ndogo inayoshinda barabarani na mizigo, kila kilomita 1,000 hadi 1,500 badilisha. Anayetembea kilomita 100 kwa siku hufika 1,500 kwa siku 15 za kazi. Halafu kuna ile tabia ya kuongeza mafuta mapya juu ya ya zamani. Kwenye karai inaharibu ladha. Kwenye injini, uchafu unabaki ulipo, na umetupa hela ya oili nzuri. Cheni nayo iwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati. Ikikazwa sana inakula beringi, ikilegea inaruka meno. Ukibadilisha cheni, badilisha na sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, maana meno yaliyochakaa huila cheni mpya.

Kitu kinachowaangusha wengi zaidi, hata waliojua ufundi vizuri, ni mwendo wa pesa. Saidia fundi hulipwa jioni au Jumamosi. Chipsi hulipa kila usiku. Pikipiki ya mkataba hulipa kila siku lakini pia inadai kila siku: ukimpelekea mwenye pikipiki shilingi 10,000 siku sita kwa wiki kwa mwaka, umepeleka 3,120,000, na siku unayoumwa inadai vilevile. Cherehani haidai mtu, ila hulipa kwa misimu: Idi, Krismasi, na sare za shule mwezi Januari. Aliyezoea kuingia nyumbani na hela kila jioni hukata tamaa Februari na kuuza mashine. Kabla hujahama, weka kando chakula na kodi ya miezi mitatu, na usiache bodaboda mpaka umepata wateja wa kurekebisha zipu na kupunguza suruali. Kazi hizo ndogo ndizo zinazoleta hela ya kila siku.

Kwa aliyejifunza kwa vitendo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoifanya na kupewa cheti bila kuanza darasani upya. Uliza chuo kilicho karibu nawe.

Sasa cherehani yenyewe, ya miguu. Dereva wa bodaboda anaikanyaga kama breki, kwa mguu mmoja, kwa ghafla. Gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, kisha lawama zote inapewa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Weka miguu yote miwili, mmoja mbele kidogo, cheza kisigino na vidole, na uanzishe gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Fanya hivyo saa nzima bila uzi, mguu wa kukandamiza (kile kichuma kinachobana kitambaa chini ya sindano) ukiwa juu. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, angalia juu kwanza: mara nyingi haujaingia vizuri kwenye visahani vya kukaza uzi, au umesahau kushusha mguu wa kukandamiza. Mshono ukiruka, chomoa sindano. Mara nyingi imepinda au imewekwa kinyume. Mfereji mrefu wa sindano hukaa upande uzi unakoingilia. Namba 14 kwa kitenge, 16 au 18 kwa jinzi. Na usivute kitambaa, kwa sababu mikono iliyobeba tofali huvuta bila kujua, na sindano hupinda na kugonga bamba la chuma lililo chini yake. Meno ya chini yanatosha kukisogeza.

Kisha toa uzi kabisa, chukua karatasi ya daftari yenye mistari, na ushone juu ya mstari. Inyanyue uelekeze dirishani uyatazame matundu. Aliyewahi kushika kamba ya kujengea ataona palipopinda kabla hujamwonyesha.