Siku moja maishani mwangu: nguo za Patsy, mkono wa Hilda

Saa 10:30 alfajiri. Kengele ya simu ikilia, kabla hata sijanawa uso, nampigia mama Mombasa. Huko ni saa 6:30 mchana, ameshaketi barazani na cherehani yake ya kukanyaga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mnashona nini?"

Haulizi tunaigiza nini. Kwake yeye filamu nzima ni kazi ya fundi, na kwa hii tunayoitengeneza sasa naona hajakosea.

Ni filamu ya televisheni kuhusu maisha ya Patsy Cline, yule mwimbaji wa kantri aliyefariki kwa ajali ya ndege tarehe 5 Machi 1963, akiwa na miaka 30 tu. Tunaipiga nje kidogo ya mji wa Nashville, Tennessee, na mimi niko idara ya mavazi. Kwetu Mombasa kantri ilikuwa ni Jim Reeves kwenye redio ya baba, na Patsy nilikuja kumjua nikiwa Marekani. Kuna wimbo ambao watu wengi hudhani waliuimba wawili hao pamoja. Hawakuuimba pamoja. Sauti zao ziliunganishwa studio mwaka 1981, wote wawili wakiwa wamekwishafariki zamani, na Jim Reeves naye aliondoka kwa ajali ya ndege, mwaka 1964. Nilipompigia baba wimbo huo kwa simu, alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

Saa 11:45. Trela ya mavazi, pasi ya mvuke inachemka. Ratiba ya leo ina kurasa 6 za mswada. Filamu ya televisheni haina siku za kupoteza: tunafanya kwa wiki chache kazi ambayo sinema kubwa huipa miezi. Asubuhi tuna Januari 1957, mchana Agosti 1961. Mwigizaji wetu atazeeka miaka minne na kuvunjika mifupa kati ya chai na chakula cha mchana, na nguo ndizo zitakazomwambia mtazamaji ni mwaka gani.

Naanza na suti ya koboi, nyekundu yenye matamvua meupe mikononi na kifuani. Suti za namna hii Patsy alizichora mwenyewe kwenye karatasi, na mama yake, Hilda Hensley, ndiye aliyezishona. Hilda alikuwa fundi wa nguo huko Winchester, Virginia. Mumewe alipoiacha familia, sindano ndiyo iliyowalisha watoto, na Patsy naye akaacha shule akaenda kuuza vinywaji kwenye duka la dawa. Nyumba yao ya Mtaa wa South Kent bado ipo, leo ni makumbusho. Niliitembelea kabla hatujaanza kazi. Ni nyumba ndogo ya mbao, na nilisimama mle nikiwaza jinsi msichana alivyotoka hapo akapanda jukwaani amevaa kazi ya mikono ya mama yake.

Mama yangu alitushonea nguo za Idi hivyo hivyo. Unapandishwa juu ya kigoda, pini amezibana kwa midomo kwa hiyo hawezi kusema, basi anakugonga goti kwa kidole ili ugeuke.

Saa 1:30 asubuhi. Studio ya New York ya mwaka 1957, tuliyoijenga ndani ya ghala. Hii ndiyo siku Patsy alipoimba kwenye shindano la vipaji la Arthur Godfrey katika televisheni ya CBS, tarehe 21 Januari. Alikuja na nguo ya koboi aliyoshonewa na mama yake. Watayarishaji wakamkatalia, wakataka avae gauni la jioni, na wimbo pia wakamchagulia wao. Akavaa, akaimba, akashinda, na kuanzia usiku ule Marekani nzima ikamjua. Mama yake alikuwa pale pale, ndiye aliyemtambulisha.

Kwenye mswada, tukio la kubadili nguo lilikuwa mistari miwili. Nilimwendea mwongozaji wiki mbili zilizopita nikamsihi atupe angalau dakika moja: Hilda anaikunja ile suti ambayo haikuvaliwa. Filamu ya muda wa saa 2, ukishaondoa matangazo ya biashara, inabaki saa moja na nusu hivi, na wenye kituo walikuwa tayari wamekata nusu ya sini za mama. Ile dakika tukaipata. Leo tumeipiga kwa teki 3, yaani kamera iliwashwa mara tatu. Mwigizaji anayemcheza Hilda aliikunja suti taratibu, akayalaza matamvua yasivunjike, na nyuma ya kamera mimi nilikuwa nimeshika kola yangu kwa mikono miwili.

Saa 3:00. Fundi wa sauti anakuja kwangu, vipokea sauti shingoni. Shumizi inapiga kelele. Gauni la jioni la miaka ile linataka shumizi ngumu ya wavu chini yake ili lifunguke, na kila mwigizaji anapovuta pumzi kwenye maikrofoni inasikika kama mtu anayekunja magazeti. Kama tungekuwa tunapiga rekodi ya Patsy mwenyewe naye anachezesha midomo, kama Jessica Lange alivyofanya kwenye sinema ya 1985, isingekuwa tabu. Wetu anaimba mwenyewe, moja kwa moja, muziki anausikia kwa kidude kidogo kilichofichwa sikioni. Mimi nakubaliana kabisa na uamuzi huo. Koo la mwimbaji linavyofanya kazi linaonekana shingoni, na mtazamaji hata asipojua kwa nini, analiona.

Nina dakika 20. Nimepiga magoti sakafuni, nimebana pini kwa midomo, nakata tabaka la chini la wavu na mahali pake napiga bandi kipande cha pamba laini. Mzunguko ni kama mita nne. Sijaigusa cherehani, maana hakuna nafasi ya kumvua gauni na kumvisha tena. Teki inayofuata fundi wa sauti ananyanyua kidole gumba. Nje ya seti, waigizaji wa ziada waliovaa makoti ya sufu ya Januari wanapepewa kwa vipande vya maboksi. Ni Julai, na joto la Tennessee lina unyevu kama la kwetu.

Chakula cha mchana nimekula nimesimama.

Saa 8:15 mchana. Sasa ni studio ya Owen Bradley hapa Nashville, Agosti 1961. Miezi miwili kabla, tarehe 14 Juni, Patsy alirushwa kupitia kioo cha mbele cha gari. Paji la uso lilipasuka, nyonga ikateguka, mkono ukavunjika. Akaja kurekodi wimbo wa Willie Nelson akiwa na magongo. Walihangaika nao kwa muda wa saa 4. Mbavu zilimuuma, noti za juu hazikutoka, ikabidi arudi siku nyingine kutia sauti yake, na siku hiyo akaumaliza kwa mara moja.

Shida yangu hapa ni kwapa. Magongo yanavuta kitambaa, gauni linapanda, mshono unachanika. Nimelitia kikwapa, kipande cha pembe nne kama kile cha kanzu, na sasa mkono unanyanyuka bila gauni kusogea. Mwenzangu wa idara ya mavazi, aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa hajawahi kuona kikitiwa namna ile. Nilimwonyesha mara mbili.

Kovu la paji la uso ni kazi ya watu wa mapodozi. Walitumia saa nzima na nusu.

Saa 1:20 usiku. Siku imefungwa. Nafua shumizi, natundika, napiga picha kila vazi jinsi lilivyovaliwa, kifungo kipi wazi, kipi kimefungwa, ili kesho tusitofautiane na leo.

Halafu anaingia yule anayemcheza Hilda. Kesho ana sini ya kushona, kamera karibu kabisa na vidole, na mikono yangu haiwezi kusimama badala ya yake. Tumefanya mazoezi haya kwa siku tisa. Mwanzoni alikuwa anasukuma sindano kwa ncha ya kidole, akijichoma na kucheka. Leo subana imekaa kidole cha kati, uzi anaulowesha kwa ulimi bila kufikiri, mshono unakwenda mfupi na sawa.

"Nataka kujaribu upindo mtu akiwa ameuvaa," akaniambia.

Nikavaa sketi ya akiba, nikapanda juu ya kisanduku. Akapiga magoti, akabana pini nne kwa midomo, akaanza kukunja. Sikumwambia neno. Alipofika ubavuni akasita kidogo, kisha akanyoosha kidole akanigonga goti.

Nikageuka.