Mvumo wa Upande wa Kushoto

Leo saa nne usiku upande wa kushoto wa amplifaya yangu umenyamaza. Naandika mikono bado inanuka risasi ya kulehemu.

Siku tisa amplifaya hiyo ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, imekuwa ikivuma. Nimeijenga kuanzia bati tupu: valvu moja ya ECC83 ya kupokea sauti, nusu yake kulia na nusu kushoto, kisha valvu ya EL84 ya kusukuma spika, moja kila upande. Wati 5 hivi kwa spika. Kwa chumba changu hapa Mikindani zinatosha na kubaki.

Jioni akaja Mjomba, fundi redio tangu enzi za redio za mbao. Nikamwamkia, akaketi, akasikiliza muda mrefu.

"Mpwa wangu, mvumo huu ni mzito mno. Ungekuwa wa kapasita ungelia juu zaidi."

Ni kweli. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Rektifaya yangu, ya kunyoosha umeme uende upande mmoja, inapitisha nusu zote mbili za wimbi, kwa hiyo mabaki yake, yanayosawazishwa na kapasita zinazohifadhi umeme, huvuma kwa hezi 100. Huu wa 50 ulitoka kwingine, nikashuku nyaya za volti 6.3 za kupasha filamenti, ule uzi unaowaka ndani ya valvu.

Tukazima, tukasubiri. Hapa sina haraka kabisa. Kapasita hushika volti karibu 300 hata plagi ikiwa imechomolewa. Nimefunga rezista, kizuia umeme, ya kilo-omu 220 ya kuzimwaga umeme wake, na bado napima kwa mita, mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama Mjomba alivyonifundisha nikiwa darasa la sita, umeme usipite kifuani.

Tukachomoa ECC83, tukawasha: kimya. Basi mvumo unaingilia pale. Mjomba akamulika kwa simu. Nyaya za filamenti zililala milimita chache tu kutoka gridi ya kushoto, mguu wa valvu unaopokea sauti, wala hazikusokotwa.

Nikazitoa. Nikasokota mpya, zikakaza kama kamba ya katani, nikazibana kwenye kona ya bati. Kisha rezista mbili za omu 100, moja kwa kila waya, zikutane kwenye ethi. Miguu ya valvu nikaisugua pia. Hewa ya chumvi ya ghuba huila upesi.

Tukawasha. Filamenti zikaiva taratibu, wekundu wa makaa ya alfajiri. Mjomba akainamisha sikio hadi likagusa kitambaa cha spika ya kushoto, akakaa hivyo. Kisha akatoa mfukoni kanda ya dansi, kumbe alikuja nayo tangu jioni.