Miwani ya uhalisia pepe wakati wa dresingi ya mgonjwa wa moto

Kwa aliyeungua, maumivu hayaishii siku ya ajali. Kila bendeji iliyoganda inapobanduliwa na kidonda kuoshwa, yanaanza upya, hata akiwa amepewa mofini, dawa kali ya maumivu. Hapo ndipo Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipoanzia mwaka 1996, kwa wagonjwa wa hospitali ya Harborview, Seattle. Wakaja kutengeneza SnowWorld, mchezo wa uhalisia pepe: akivaa miwani inayomwonyesha dunia ya kompyuta pande zote, mgonjwa anapita taratibu kwenye bonde la barafu huku akirusha mipira ya theluji. Maumivu yanahitaji umakini wa mtu, na mchezo unaunyakua umakini huohuo. Mwaka 2004 picha za fMRI (kipimo kinachoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi) za watu wazima wenye afya waliojitolea kuchomwa kwa joto zilionyesha kuwa, wakiwa ndani ya mchezo, sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zilipunguza kazi yake.

Dawa ya maumivu haiachwi. Mpe kwanza, subiri ifanye kazi, kisha mvishe miwani dakika chache kabla ya kugusa bendeji. Wengi hukosea hapa: wanasubiri mgonjwa apige kelele ndipo wamvishe, na mtu aliyekwisha kushikwa na maumivu haingii kwenye mchezo.

Akiwa amelala chali, weka upya mwelekeo wa picha ukiwa umeshamlaza, la sivyo atakuwa anatazama anga tu muda wote. Rekebisha nafasi kati ya lenzi. Ilingane na umbali kati ya mboni za macho yake, ambao kwa mtu mzima huwa karibu milimita 63. Picha ikiwa na ukungu, kichwa kitamuuma. Chagua mchezo unaomsogeza wenyewe, polepole, kwa mwelekeo mmoja. Akilazimika kujiendesha na kugeukageuka, atapata kichefuchefu, na mofini nayo huleta kichefuchefu. Mikono ikiwa imeungua, tafuta programu inayolenga kwa macho au kichwa. Pakua kila kitu mapema. Usitegemee intaneti ya wodini. Taa za chumba ziwake, kwani kamera za miwani zinazofuatilia mwendo wa kichwa hupotea gizani.

Mgonjwa hakuoni, kwa hiyo mwambie kabla ya kumgusa: "Sasa naosha mkono wa kulia." Kumshtua kunavunja kila kitu. Ukimaliza, muulize alama 0 hadi 10 za maumivu makali zaidi, na pia muda gani alikuwa akiyawaza. Swali la pili ndilo linaloonyesha kama mchezo ulimshika.

Usimvishe mwenye kifafa, jeraha la kichwa, uso ulioungua au macho yenye maambukizi. Kwa mtoto mdogo, miwani ya karibu nusu kilo ni mzigo shingoni. Fuata umri uliowekwa na mtengenezaji.

Kila mgonjwa apate kitambaa chake cha kukaa kati ya uso na miwani, cha kutumika mara moja. Futa plastiki na mikanda kwa spiriti ya asilimia 70, lakini lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, maana spiriti huharibu utando wake. Wala usiache miwani dirishani penye jua: lenzi hukusanya miale na kuunguza skrini kwa muda mfupi sana.