Kitabu Hakikutolei Macho

Kazi ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake nilipewa na mjomba, na mjomba alinijua vizuri: hesabu naziweza, mfuko wa saruji nabeba, lakini kusema na watu ni mtihani. Mteja akiingia nainamia daftari. Akiuliza bei ya bati namtajia bei, basi. Soni yangu haikuwa ile ya heshima. Ilikuwa ile ya viganja kutoka jasho mtu akinitazama usoni.

Nyumbani walinipa dawa yake tangu utotoni: "Changamka, mwanangu!" Mama, mashangazi, mwalimu wa chuoni, wote neno hilohilo, tena mbele ya wageni. Hakuna aliyenieleza kuchangamka kunaanzaje, kwamba ukishasalimia na ukajibiwa, unafuatiza na lipi.

Kitabu nilikinunua Unguja, Darajani, kwa mtu anayetandika vitabu vya mitumba chini: *How to Win Friends and Influence People* cha Dale Carnegie, yaani namna ya kupata marafiki na kuwavuta watu, jalada limechanika. Kiingereza changu ni cha shule, kwa hiyo kamusi ilikaa pembeni. Nilikisoma usiku duka limeshafungwa, na raha yake ya kwanza ilikuwa hiyo: kilinifunza bila ya kunitazama. Kwenye kisiwa ambacho kila mtu anajua wewe mtoto wa nani, ukijaribu jambo mbele za watu ukateleza, utazungumzwa barazani mpaka Isha. Kitabu hakiendi barazani. Kwa maoni yangu ndiyo sababu vitabu vya namna hii havichuji. Hiki kilitoka 1936, mwenyewe alifariki 1955, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 30.

Carnegie alikuwa mtoto wa mkulima wa Missouri, Marekani. Mwaka 1912 alianza kuwasomesha watu wazima kusema hadharani, darasa la usiku kwenye YMCA, jumuiya ya vijana wa Kikristo, ya New York. Husimuliwa kwamba safari moja somo lilimwishia kabla ya wakati, akawasimamisha wanafunzi waeleze jambo lililowakera, na waliokuwa wakitetemeka wakasema. Hapo nikamwamini. Mimi mwenyewe saruji ikipanda bei hamninyamazishi.

Rafiki yangu mmoja, ustadhi, alinicheka. "Haya kwetu yapo, yakhe. Mwana Kupona wa Pate kamuusia bintiye kwa utenzi adabu na ulimi mwema 1858, huyo Mmarekani hata hajazaliwa." Kweli. Lakini sehemu kubwa ya utenzi ule ni wasia wa mke na mumewe, na mimi muuza misumari.

Si yote yaliyokubali kuhamia Pemba. Carnegie anasisitiza jina: mtu hafurahii sauti nyengine kama jina lake. Haya, mwite mzee wa rika la baba yako jina lake kavukavu juu ya kaunta, uone kama hatakwenda kukushitaki kwa mjomba. Nikapita njia ya watoto. Nyuma ya daftari la madeni nikawa naandika: Mama Asma, anajenga Wawi, choo bado. Baba Suleiman, fundi, hataki misumari ya kichwa kidogo. Akirudi, nikimwuliza Asma hajambo, uso unafunguka. Bei haikushuka hata shilingi, na akanunua palepale. Kutabasamu nako nilikupunguza kipimo. Mji mdogo huu, ukimchekea kila binti anayeingia utaulizwa posa unaleta lini.

Lililonifaa kuliko yote ni la kuuliza kisha ukanyamaza. Kwa mtu mwenye soni hii ni neema, maana kazi ya kusema anaifanya mwenzako. Kulikuwa na mzee mmoja, kila akija anauliza bei, anaguna, anaondoka. Safari hiyo nikamwambia, "Shikamoo babu. Nyumba yenyewe umeifikisha wapi?"

Akatua mkoba wake juu ya kaunta. Imefika lenta, akasema. Mwanawe yuko Muscat, huleta kidogo kidogo, na hizo alizonazo ni za karafuu za msimu uliopita. Fundi anamwambia aezeke sasa, jirani anamwambia asubiri. Akachora paa kwa kidole juu ya vumbi la kaunta, mgongo upi uende kibla, maji yamwagikie wapi. Mimi kazi yangu "ehe" na "kisha?" tu. Alipomaliza akaniuliza mbao gani ningemshauri. Tangu hapo haguni tena, na amenitumia wajukuu na mashemeji.

Sura za kumvuta mtu akubali rai yako sikuzipenda sana. Zinanuka maneno ya dalali, na watu wa huku dalali wanamjua kabla hajafungua mdomo. Moja niliijaribu, ile aliyoinasibisha na Sokrates: mfanye mwenzako aanze kwa kusema ndiyo, ndiyo. Akaja bibi mmoja wa Vitongoji kutaka mabati.

"Masika yanakaribia, bibi?"

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Na makuti yale hayatayahimili?"

"Ndiyo, yameoza."

"Na bati hizi zitakukalia miaka?"

"Ndiyo, ndiyo. Na wewe sasa sema ndiyo, unipunguzie."

Mjomba, aliyekuwa nyuma akihesabu nondo, alicheka mpaka akakohoa. Ikabidi nipunguze.